Bahari ya Vipande Ishirini na Vinne

Bahari ya kwanza ilitoka na rangi ya fizi.

Fundi Meno alilifungua kasha la chuma, akagonga plasta kwa nyundo yake ndogo, na alichokikuta ndani kikamfanya avute kiti akae. Wimbi lilikuwa zuri, lina mgongo na lina mkunjo, ila lilikuwa la waridi, kama linasubiri kupangiwa meno. Alikuwa ameichanganyia plastiki yake kwenye kikombe kilekile cha fizi za bandia za mgonjwa wa Jumatatu. Mkono ulishazoea, macho hayakuangalia.

Baba mkwe wake, aliyekuwa dirishani akikunja waya wa uzio wa meli ya mfano, aligeuka, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mkwe wangu," akasema, "nimekaa baharini miaka kumi na tisa. Nimeiona ya kijani, nimeiona nyeusi. Hii sijawahi kukutana nayo."

"Baba, usinicheke."

"Sicheki. Nauliza tu, hii inang'ata?"

Chumba kilikuwa cha uani, na ndicho kilichokuwa karakana ya Fundi Meno. Madaktari watatu wa meno wa mjini walikuwa wakimpelekea taya za plasta, yeye akiwarudishia meno ya bandia. Rafu zilijaa taya, kila moja na namba yake, zimeachama kama watu walioambiwa habari mbaya. Katikati ya meza, mahali ambapo zamani palikuwa pa kung'arishia, sasa ilikaa manowari. Urefu wake nusu mita kamili, maana ilijengwa kwa kipimo cha moja kwa mia: mita ya meli, sentimita ya mezani.

Meli aliiunda mzee peke yake, kwa mbao laini tabaka juu ya tabaka, na kwa kichwa chake mwenyewe, kwa kuwa michoro ilipotea na meli yenyewe ilishauzwa kama chuma chakavu. Mzinga wa mbele ulitokana na sindano ya ganzi. Uzio wa sitaha ulikuwa waya ule wa kushikilia meno ya bandia. Alipofika kwenye maji, akakwama. Alijaribu karatasi, akajaribu gundi, akajaribu kitambaa kilicholowekwa chokaa, na kila mara bahari yake ilifanana na shuka lisilotandikwa vizuri. Ndipo mkwewe aliposema, "Baba, bahari niachie mimi."

Alichokuwa nacho ni ufundi wa meno, basi akaipika bahari kama anavyopika meno. Unachonga kwa nta, unafunika kwa plasta, unaiyeyusha nta kwa maji ya moto, na pale nta ilipokuwa unashindilia plastiki ya fizi, safari hii isiyotiwa rangi. Kisha unalibana kasha kwa skrubu na kulichemsha kwenye sufuria. Tatizo lilikuwa moja tu. Makasha yote aliyokuwa nayo yalitengenezwa kubeba taya ya mtu mzima, si zaidi. Kwa hiyo bahari ikakatwa vipande ishirini na vinne, vinane kwa urefu na vitatu kwa upana, na kila kimoja kikangoja zamu yake jikoni. Siku hizo ukifunua sufuria nyumba ile ukitegemea wali, unaweza kukuta wimbi.

Na halikuwa wimbi la kubuni. Lilikuwa moja, la siku moja, na mzee alilijua kuliko alivyoijua sura yake.

Miaka thelathini na moja iliyopita, kivuko kilizimikiwa na injini nje ya mlango wa bandari, dhoruba ikikisukumia kwenye miamba na watu mia moja na sita wakiwa ndani. Manowari ikaenda kuwatoa. Ilipokikaribia, nahodha akaamuru kushoto. Meli ikaenda kulia, ikakigonga kivuko ubavuni. Watu waliokolewa wote, ila pua ya manowari ilibonyea, mabaharia wawili wakavunjika mikono, na aliyeshika usukani akaitwa kwenye kikao kilichochukua nusu saa. Ikaandikwa kwamba alipinda kulia. Wenzake wakapewa nishani, yeye akapewa barua ya kuachishwa. Mtaani wakambandika jina la Mzee Pisha, kwa sababu kila akikatiza na toroli lake la mizigo hakosi mpuuzi wa kupaza sauti: "Pisheni, dereva anakuja."

Yeye alikuwa na maneno yaleyale tangu siku ile, na hakuwahi kuyabadilisha hata nukta. Alipinda kushoto kama alivyoamriwa. Wimbi likaja kwa nyuma, likainua tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, likaliacha bapa la usukani lililo chini yake hewani. Usukani ulio hewani haumsikii mtu, awe nahodha awe nani. Meli ikajigeukia inavyotaka.

Sasa chama cha mabaharia wastaafu kilikuwa kinafungua ukumbi wa kumbukumbu bandarini. Katikati ungewekwa mfano wa manowari ile, na chini yake kibao cha shaba chenye majina ya wote waliokuwemo siku ya uokoaji. Waliokuwemo ni arobaini na wawili. Majina kwenye orodha yalikuwa arobaini na moja. Mfano waliuomba kwa mzee kwa sababu hakuna mwingine aliyeikumbuka meli ile hadi misumari yake, lakini jina lake hawakulitaka. Alikubali kwa sharti alilolificha kifuani: meli itakaa kama ilivyokaa dakika ile, tezi juu, bapa la usukani nje ya maji, na mwenye macho ataona. Alikuwa na miaka sabini na minne. Ukumbi mwingine usingejengwa.

*

Bahari ya pili ilitoka angavu kama kioo. Fundi Meno aliviunga vipande vyote, akapaka rangi ya kijani iliyoiva upande wa chini, akaipandisha kwenye mashine ya kung'arishia, na hapo mazoea yakamponza tena. Meno lazima yang'ae, basi na bahari akaing'arisha hadi ukaweza kujitazamia ukichana nywele.

Mzee aliizunguka mara mbili.

"Nzuri," akasema. "Ila hii bahari imetoka saluni. Siku ile ilikuwa haijanawa hata uso."

Fundi Meno akaikwaruza yote upya kwa msasa, siku mbili nzima, huku daktari mmoja akipiga simu kuulizia meno ya bibi aliyekuwa akinywa uji kwa siku ya tisa. Akaongeza povu kwa plasta nyembamba iliyopulizwa kwa mrija. Kwenye ukingo wa kulia akaweka kipande cha ubavu wa kivuko, na juu yake watu wadogo wa nta wamejazana. Nta aliyokuwa nayo ni ya waridi, kwa hiyo abiria wote wakawa na rangi ya fizi. Mzee akasema waacheni, mtu aliyekaa kwenye dhoruba saa sita huwa na rangi yoyote.

Katibu wa chama alikuja Jumanne, siku tatu kabla ya ufunguzi. Alikuwa mtu wa suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, ambazo hakuna aliyewahi kuiona hata moja ikiandika. Alisimama mlangoni mwa karakana, akazitazama taya, kisha akaitazama meli.

"Hii inazama," akasema.

"Haizami," mzee akamjibu. "Imeinuliwa na wimbi."

"Mzee wangu, kwa mtu aliyekaa baharini imeinuliwa. Kwa mgeni rasmi inazama. Anakuja kufungua ukumbi, anakuta mkia juu. Ataniuliza, hivi ndivyo mlivyokuwa mnaendesha?"

"Siku ile ndivyo."

Katibu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemsikiliza mtoto. "Yale tuliyamaliza. Inyoosheni. Bahari shwari, povu kidogo mbele, bendera juu. Watu wapige picha."

Fundi Meno alikuwa amejiambia hatafungua mdomo. Akaufungua. "Na jina la baba?"

"Shemeji yangu, orodha imeshapelekwa kwa mchongaji. Walioachishwa kwa kosa hawaingii, ndio utaratibu, sikuutunga mimi." Akamgeukia mzee, akalainisha sauti. "Lakini kazi ya mikono yako tutaitaja. Kwa mdomo."

Alikuwa ameligusa povu kwa kidole. Akatoa leso, akakifuta kidole hicho polepole, akaondoka bila kugusa chai aliyowekewa.

*

Mume wa Fundi Meno alirudi saa kumi na moja, viatu vimejaa vumbi. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za umeme, nyumba mia na ishirini kwa siku, na nusu ya nyumba hizo zina mbwa. Walipokaa mezani alisikiliza habari ya katibu hadi mwisho, akatafuna, akameza.

"Baba, inyooshe," akasema.

Mzee hakuinua uso.

"Ikae pale katikati, watu waione kazi yako. Si ni heshima tosha? Yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ni yangu, mwanangu. Wewe hujui inapouma."

"Mimi nisijue?" Kijiko kikatua sahanini. "Darasa la tatu mwalimu alikuja kutufundisha kushoto na kulia. Darasa zima liligeuka kunitazama mimi. Hata mwalimu alicheka, baba. Nimekula hayo maneno tangu nina miaka tisa, na sasa unataka kuyapeleka ukumbini, uyawashie taa."

Maneno yakishamwagika hayazoleki, na msoma mita alionekana kutamani kuyazoa. Mzee aliisogeza sahani yake kando, akajifuta mikono, akasimama.

"Basi inyoosheni," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda chumbani kwake na jua bado liko juu ya paa la jirani.

"Umefurahi?" Fundi Meno akamuuliza mumewe.

"Sijafurahi. Nimechoka." Akakaa akiitazama sahani ya baba yake. "Wewe unamwamini?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimuumiza. Alimpenda mzee yule. Alikuwa amempikia bahari mara mbili. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kuamini kwamba mkono wake ulikwenda kushoto siku ambayo watu arobaini na mmoja wanasema ulikwenda kulia ni jambo jingine.

*

Asubuhi alikaa mbele ya meli na msumeno mwembamba mkononi. Kuinyoosha hakukuwa kazi kubwa: unakata vipande sita vya nyuma, unashusha wimbi, unaziba. Kufika adhuhuri ingekuwa bahari ya kadi ya posta.

Hakukata. Kazini kwake kulikuwa na sheria moja aliyofundishwa na mwalimu wake wa kwanza: mgonjwa akisema meno yanamuuma, usimbishie wala usimhurumie, tafuta yanapogusa. Akaenda kugonga mlango wa mzee.

"Baba, naomba uje. Nataka kukuuliza kama ninavyowauliza wagonjwa."

Mzee akaja, shati halijafungwa vifungo vyote. Akakaa kwenye kigoda chake.

"Ulipopinda kushoto, mikononi ulisikia nini?"

"Wepesi." Alijibu bila kufikiri. "Usukani wa meli ni mzito, unasukumana na maji. Mara ukawa mwepesi, kama kukoroga kikombe kitupu."

"Na dirishani uliona nini?"

"Maji. Hapakuwa na mbingu. Maji dirisha zima."

Paa la chumba cha usukani lilikuwa likifunguka, mzee alilitengeneza hivyo kwa ajili ya kuonyesha saa na ramani zilizomo. Fundi Meno akalitoa. Akachukua kioo chake kidogo cha mviringo chenye mpini, kile ambacho daktari humwingizia mtu mdomoni kutazama nyuma ya magego, akakishusha mpaka mahali pa mshika usukani, akakiinamisha kuelekea dirisha la mbele. Akachungulia.

Dirisha lote lilikuwa kijani. Pua ya meli ilikuwa imezama kwenye bonde la wimbi, na kwa kuwa pua ilikuwa chini, tezi haikuwa na pengine pa kwenda ila juu. Alikigeuza kioo huku na huku akitafuta mbingu, asiipate.

"Nahodha alikuwa wapi?"

"Nje, kwenye kibaraza cha kulia. Ameinamia ukingo anatazama kivuko."

Akakihamishia kioo kwenye kibaraza. Abiria wa waridi walionekana mmoja mmoja, karibu, hata wale aliowasahau kuwawekea pua. Akakigeuza kioo kutazama nyuma. Palikuwa na mashua ya kuokolea ikining'inia, na nyuma ya mashua bomba la moshi. Tezi haikuwapo. Alijaribu akiwa amekiinua, akajaribu akiwa amekishusha. Mtu aliyesimama pale asingeweza kuiona tezi hata angekuwa na shingo ya twiga.

"Baba," akasema taratibu, "nahodha hakuona."

"Alijua."

"Angejuaje? Njoo utazame."

"Alinitazama usoni, kwenye kikao, akasema nimepinda kulia. Mtu huyo alijua." Sauti ya mzee ilianza kupanda, jambo ambalo Fundi Meno hakuwahi kulisikia katika miaka kumi na miwili ya ndoa yake. "Alikuwa anaokoa cheo chake."

"Alisema alichokiona. Alisema kushoto, meli ikaenda kulia, na usukani uko mikononi mwako. Meli ilikuwa inapanda na kushuka tangu asubuhi, nani angehesabu wimbi moja? Baba, ungekuwa wewe uliyesimama hapa, ungesema nini?"

Mzee akakichukua kioo. Akauegemeza mkono wake kwenye ukingo wa meza. Alitazama kutoka kibarazani muda mrefu sana, akakihamisha, akatazama tena, akarudi palepale. Alikuwa amemchukia mtu yule miaka thelathini na moja, kwa bidii, kila siku, kama mtu anavyomwagilia bustani. Si rahisi kuambiwa uzeeni kwamba chuki yote hiyo ulikuwa unaipeleka kwenye mlango usiohusika.

"Kwa hiyo hakunisingizia," akasema mwishowe.

"Hakukusingizia. Alikosea."

Mzee akafunga vifungo vya shati lake vilivyobaki, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Weka msumeno chini," akasema. "Usiguse kitu."

Jioni msoma mita aliporudi alikuta bahari ingali na mlima wake. Akafungua mdomo kulalamika. Mkewe akamkabidhi kioo. Alichungulia kutoka kwa mshika usukani, akachungulia kutoka kwa nahodha. Kisha akakirudisha bila neno, akatoka kwenda kuazima mkokoteni wenye matairi ya hewa, kwa sababu toroli la mzee lilikuwa na magurudumu ya chuma na lingeitikisa meli.

*

Ijumaa ukumbi ulinuka rangi mbichi. Viti vilikuwa vimepangwa, maua yamewekwa, na katikati palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Mezani mchongaji alikuwa ameinamia kibao cha shaba, anamalizia mstari wa mwisho, patasi ikilia tik, tik.

Katibu alipoiona meli ikiingia na mkia juu, uso ulimbadilika. Hakupiga kelele, wageni walishaanza kukaa. Alielekeza kwa kidole. Manowari ikapelekwa kona ya nyuma, kwenye meza ya chupa za chai na vikombe, na mhudumu mmoja akaamriwa aifunike kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Katikati ya ukumbi wakaweka picha ya meli, kubwa, imekwaruzika pembeni.

Mzee alisimama kando ya vikombe akiwa na koti lake la pekee. Mtu mmoja alimpita akamwambia, "Mzee, naomba chai, sukari mbili." Msoma mita akapiga hatua moja mbele. Baba yake akamshika mkono, akamimina chai, akatia sukari mbili, akampa.

Nahodha aliingia kwa fimbo, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Alikuwa amekula chumvi nyingi, zaidi ya themanini, na meno yake ya chini yalikuwa yakicheza kila akitamka neno. Fundi Meno aliyasikia kabla hajamwona, akajua papo hapo kwamba aliyeyatengeneza alikuwa na haraka. Ukumbi mzima ulisimama. Nahodha akapita akipeana mikono hadi alipofika katikati, akaitazama picha, akageuka.

"Niliambiwa kuna mfano."

"Umepata hitilafu kidogo, mkuu," katibu akasema.

"Haujapata hitilafu," Fundi Meno akasema kutoka nyuma. Hakujua miguu yake imefika vipi mbele ya kona ile. Akakivuta kitambaa.

Nahodha alikuja, fimbo yake ikigonga sakafu. Aliitazama meli kuanzia puani hadi tezini, na alipofika tezini, kwenye bapa dogo la usukani lililoning'inia juu ya povu bila kugusa kitu, aliinama kulitazama. Kisha akainua macho akamwona aliyekuwa amesimama karibu na chupa za chai.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mkuu."

"Umekuja kunituhumu mbele za watu."

"Hapana. Nilikutuhumu nyumbani kwangu miaka thelathini na moja, nimemaliza. Leo nimekuja kukuonyesha ulipokuwa umesimama."

Fundi Meno akalitoa paa, akampa nahodha kioo, akamwongoza mkono. Katibu alianza kusema kuhusu ratiba. Msoma mita, katika sare yake ya kazini, akasimama kati yake na meza, na bahati nzuri alikuwa na mabega.

Kibarazani nahodha alitabasamu. "Wale pale," akasema. "Kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ndiye niliyekuwa nikimtazama. Sikumwondolea macho."

"Geuza kioo nyuma, mkuu. Tafuta tezi."

Akageuza. Akatafuta. Tabasamu likaisha taratibu.

"Sasa kiingize ndani. Kwa mshika usukani."

Alichungulia, na ukumbi wote ukachungulia pamoja naye kwa jinsi watu walivyonyamaza. Dirisha lilikuwa limejaa maji. Mzee mwenzake alikuwa amesimama pembeni yake, mikono imening'inia, anangoja kama mtu anayengoja daktari atamke.

"Usukani ulikuwaje?" nahodha akauliza, sauti ya chini.

"Mwepesi."

Nahodha akakiweka kioo mezani. Aligeuka, akaiachia fimbo kwa mjukuu wake, akasimama wima bila kushikwa.

"Nilisema kushoto," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ile ya kusikika juu ya upepo, meno au bila meno. "Na alipinda kushoto. Usukani ulikuwa hewani, hauna maji ya kushika. Angekuwa nani, angekuwa malaika, meli isingegeuka. Mimi niliandika kwamba alipinda kulia, kwa sababu nilimtazama mtu mmoja kwenye kivuko na sikutazama nyuma. Nilikosea. Mtu huyu nilimtoa kazini nikiwa nimekosea."

Kisha akapiga saluti. Mzee hakuijibu mara moja, mkono ulikuwa umesahau. Ulipokumbuka, ulipanda wote, hadi kidole cha mwisho.

Mtu mmoja mstari wa mbele akaanza kupiga makofi, mwenye mkono uliounga vibaya tangu ulipovunjika ujanani, halafu wengine wote wakafuata. Yule aliyeomba chai alishika kikombe chake bila kujua pa kukiweka. Akamuuliza msoma mita, "Kwani yule mzee ni nani?"

"Ni baba yangu," msoma mita akasema. Akaona halijatosha, akalirudia kwa nguvu, kwa watu ambao hata hawakumuuliza. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Picha ikaondolewa. Watu wanne waliibeba manowari hadi katikati, na Fundi Meno akatembea kando yao akiwaambia shikeni chini, shikeni chini, vipande vile vimeungwa kwa gundi. Katibu alikuwa wa kwanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo aliipenda ilivyoinuka. Hakuna aliyempinga, siku ya furaha kila mtu ana chake cha kusema.

Mchongaji aliinua kichwa, miwani imejaa vumbi la shaba.

"Jina niandike vipi?"

Mzee akalitaja lake, la baba yake na la babu yake, akapumzika, kisha akaongeza: mshika usukani. Mchongaji akapima kwa rula, akapima tena.

"Mzee, halitoshi. Nimebakiwa na nafasi ya vidole viwili. La nahodha limechukua mstari mzima na nusu, na vyeo vyake vyote na nishani. Nitakuandikia la kwanza tu, sawa?"

Mzee alisita. Alikuwa amezoea kupewa pungufu, na mdomo wake ulikuwa tayari unasema sawa.

"Hapana," nahodha akasema nyuma yao. "La kwake liandike lote. Fupisha langu."